Mgeni wa Kila Jumapili

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu shule za watoto viziwi, na picha za mabweni na namba za kupiga. Alibonyeza mara chache tu, akarudia chai yake. Mimi nilimkumbuka Nzilani wa Kalamba, na moyo ukanivuta kurudi kule. Zamani hizo, ukiwa na mtoto asiyesikia popote kati ya Kalamba na Kyuso, uliambiwa umtafute Nzilani. Lakini yeye mwenyewe, alipoanza, hakuwa na wa kumtafuta.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nzilani alikuwa jirani yangu na mchuuzi wa ndengu, yaani choroko. Jumamosi alinunua ndengu sokoni Tulia, au mbali kabisa Kyuso, akalala kwa wenyeji, na Jumapili akaingia kanisa la hapo kabla ya kurudi. Binti yake Kavata alienda naye kila mahali. Kavata hakusikia tangu kuzaliwa, na umri wa kuanza shule ulikuwa umefika na sasa unapita. Baba yake, Kiema, hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa ameshakata shauri: mvua za Novemba zikinyesha, mtoto ataanza kuchunga mbuzi na habari za shule ziishe. Nzilani alijaribu ofisi ya elimu. Karani alimwambia arudi wiki ijayo, na aliporudi akaambiwa vilevile.

Basi akategemea wakati wa wageni. Aliyekulia katika makanisa yetu anaujua: katikati ya ibada, mzee anasema wageni wasimame watusalimie, na mgeni anataja jina, kwao, na kama ameokoka. Wengi wetu tulitaja haraka haraka tukaketi. Nzilani hakuwa na haraka. Mara nyingine nilimsindikiza ili nimsaidie kubeba magunia, na maneno yake ninayo hadi leo.

"Bwana asifiwe. Mimi ni Nzilani, natoka Kalamba, nimeokoka. Huyu mtoto wangu hasikii. Nauliza, kuna mtu anajua shule inaweza kumfunza?"

Kila kanisa lilifanya kosa moja, kosa la watu wema. Swali lilipita, wakashika ugonjwa. Kavata aliitwa mbele, akawekewa mikono kichwani, tukaomba kila mtu kwa sauti yake mpaka jasho likatutoka, naye pale katikati akitazama midomo yetu inavyochezacheza. Kisha tukaenda kula. Mimi naamini maombi, msinielewe vibaya. Lakini mtu akikuuliza njia ya kwenda sokoni, unamwonyesha kwanza, ndipo unamwombea safari njema. Nilikasirika, lakini kwa vile nilikuwa mwanakwaya, nikaitikia amina pamoja nao.

Siku moja nilimsindikiza mpaka Kyuso; ilikuwa mwisho wa Oktoba na mawingu yalishaanza kukusanyika. Nzilani alitoa salamu zake zilezile, kisha mchungaji akaomba kwa muda mrefu sana, madirisha yote wazi kwa sababu ya joto. Tulipotoka, Nzilani alisimama juani amemshika Kavata mkono, akaniambia amechoka, hasimami tena mbele ya watu. Mtoto na aende kwa mbuzi.

Ndipo mwanamke akatuita kutoka duka la ng'ambo ya barabara. Aliitwa Isnino, Mwislamu, mke wa mfanyabiashara wa ng'ombe. Alikuwa anapima sukari, na salamu za Nzilani zilimfikia kupitia dirishani.

"Mama, wewe ndio unatafuta shule?" akauliza. "Hao wameomba, ni vizuri. Lakini shule iko. Kijana yangu anasoma huko."

Akampungia mkono kijana wake, Billow, aliyekuwa nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula, akamwambia jambo kwa vidole. Billow akajibu kwa vidole, akacheka, akatuletea chai. Kavata aliachia mkono wa mama yake. Alisogea mpaka karibu na mikono ya yule kijana, akaitazama, na chai yake ikapoa bila kuguswa. Nzilani alikaa chini kwenye gunia la mchele wa watu akalia, na Isnino hakumnyamazisha. Alipomaliza, akaelezwa shule iko wapi na amuone nani.

Januari, Kiema mwenyewe alibeba sanduku la Kavata mpaka stendi, akinung'unika njia nzima juu ya mbuzi.

Kavata alirudi likizo ya Aprili akiwa na majina yetu mapya, maana kule kila mtu hupewa ishara yake. Kiema alikuwa kofia, ile asiyotoka nje bila kuivaa. Mimi nilikuwa mdomo unaofunguka na kufungika, na sioni kwa nini walicheka hivyo. Kwa mama yake, alisimamisha vidole viwili juu ya kiganja cha mkono wa pili, wima, kama mtu aliyesimama.

Nzilani akamuuliza kwa macho maana yake. Kavata akatukalisha kwenye benchi, akaketi katikati yetu, akageuza kichwa huku na huku kama anayetazama umati. Kisha akasimama peke yake, akanyoosha mkono kwetu sote na kujigusa kifuani.

Katika makanisa yale yote hakuwa amesikia hata neno moja, na bado alijua mama yake amesimama kwa ajili ya nani. Nzilani alimkumbatia asimwachie. Kiema akavaa kofia, akasema anaenda kuangalia mbuzi, akakaa huko mpaka chakula kikapoa.