Ini la Mpiga Dawa wa Kimuli

Kimuli nzima hakuna aliyebeba bomba la mgongoni kama Hategekimana Sebahire. Alitembea kati ya mibuni kwa utaratibu wa mtu anayekwenda kanisani, mkono mmoja ukipampu, mwingine ukielekeza mdomo wa bomba chini ya kila tawi, na akimaliza shamba huoni jani lililorukwa. Wenye kahawa walituma bodaboda kumfuata hata kutoka Ihanda. Ukiona mavuno ya Kyerwa yanashuka mjini Omurushaka yakiwa safi, bila punje zilizotobolewa na wadudu, ujue mgongo wa huyu bwana umo humo, na migongo ya wengine kama yeye ambao hakuna anayewapigia makofi.

Baba yake alitoka Rwanda akawa kibarua, akalima vibanja vya watu hadi akapata chake. Hategekimana alizaliwa hapa. Kinyarwanda alizungumza na mama yake, Kinyambo na wenzake, Kiswahili akakipata shuleni. Kwa Wanyambo alichukua pia amwani, kahawa inayochemshwa na majani yenye harufu, ikakaushwa, ikatafunwa. Kwetu mgeni huwekewa amwani kiganjani kabla hajaulizwa kilichomleta. Hategekimana alitembea nazo mfukoni mwa shati. Akiwa shambani, bomba mgongoni, alichomoa moja moja akatafuna, kwa sababu zinafukuza njaa na usingizi. Pombe hakuigusa. Mtu aliyekuwa akiimba besi katika kwaya ya Kilutheri, tena mwenye msimamo wake, hata rubisi ya harusini aliipitisha kwa jirani bila kuonja.

Kiangazi cha mwaka jana alianza kuchoka. Mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, kisha macho yakawa manjano. Mkewe, Uwingabire, alimpakia kwenye pikipiki akampeleka hospitali, na huko wakampata daktari mmoja kijana, mwanamke wa Karagwe hapa hapa, anaitwa Deodatha. Vipimo vya homa ya ini havikuonyesha kirusi. Ini lilikuwa limeumia na kuvimba. Daktari aliuliza kazi yake, akauliza anavyoifanya, akauliza anakula nini akiwa kazini. Hategekimana akatoa amwani mfukoni amwonyeshe. Deodatha alizitazama, kisha akautazama mkono uliozishika. Alimwambia kwamba kwa miaka yote hiyo, kila alipoingiza mkono uliolowa dawa mfukoni na kuupeleka mdomoni, alikuwa akilisha ini lake sumu kidogo kidogo. Akamkataza bomba kabisa.

Kabla hawajafika nyumbani, maneno yalikuwa yamewatangulia. Huku kwetu ini lina mshtakiwa mmoja tu, pombe, na kesi husikilizwa dukani bila mtuhumiwa kuwepo. Cassian, mpiga dawa mwenzake na mtani wake wa siku nyingi, ndiye aliyewachekesha watu kwa kusema kumbe ile besi ya kwaya ilikuwa inatoka kwenye mtungi. Watu wanaokunywa kahawa safi iliyolindwa na mikono ya yule mgonjwa walicheka.

Hategekimana alimkataza mkewe kujibu. Alisema akitaja kahawa ya mfukoni wataona anatafuta kisingizio. Akaacha kwaya, akaacha kutoka. Bomba hakuligusa, wala amwani. Alikaa ndani moyo ukienda mbio kila pikipiki ilipopunguza mwendo mbele ya kibanja, kwa kuwa alikuwa na uhakika abiria wanaonyesheana nyumba ya mlevi.

Waliporudi hospitali, majibu ya damu hayakuwa yameshuka kama ilivyotarajiwa. Kipimo kimoja kilikuwa kimepanda. Daktari alimuuliza kwa upole kama anapiga dawa kwa siri, akakana. Akamuuliza kama anakunywa. Hapo Hategekimana alisimama atoke. Uwingabire akamshika shati, akamwambia daktari kwamba huyu mtu halali, hali vizuri, na anatetemeka akisikia hodi.

Deodatha aliweka kalamu chini.

"Baba, ini haliishi peke yake," alisema. "Lina neva. Kuna zile za hatari, zinazokimbiza moyo ukikutana na nyoka. Wewe nyoka wako haondoki mlangoni, kwa hiyo hazizimi. Zinabana damu inayokwenda kwenye ini, zinawachochea askari wa mwili walioko mle, na kidonda kilichoanzishwa na sumu kinaendelea kuvimba. Kuna neva nyingine ndefu, inatoka kwenye ubongo inashuka mpaka tumboni. Hiyo huwaambia askari watulie. Yako haipewi nafasi ya kusema."

"Kwa hiyo ninaumwa mawazo?"

"Hapana. Unaumwa sumu. Hofu inaipulizia moto."

Hakumdanganya. Alimwambia kwamba mengi ya haya yameonekana kwa panya wa maabara na kwa binadamu bado yanachunguzwa, na kwamba hawezi kumwahidi kuwa usingizi utamponya. Ila ini lake lilikuwa limefika mahali pabaya. Likiendelea kuvimba hivyo, lingeanza kushindwa kazi. Hakutaka kuacha kitu chochote kiendelee kulichochea.

Njiani kurudi Uwingabire aliyapima maneno ya daktari. Kama kinachombana mumewe ni aibu, basi dawa yake haiuzwi dukani, na anayeweza kuitoa ni yeye.

Jumapili, baada ya ibada, watu walikusanyika nje kwa ajili ya mnada wa sadaka, kama kawaida yetu: mkungu wa ndizi, mayai, kuku aliyefungwa miguu. Uwingabire alikuwa ameleta mkungu. Ulipofika wakati wa kuunadi, alimwomba mzee wa kanisa amwachie nafasi, akamwita Cassian mbele. Cassian akaja akicheka, shavu moja limevimba kwa kahawa.

"Shemeji, nionyeshe ulichonacho mfukoni."

Akatoa amwani, akamkaribisha, watu wakacheka. Uwingabire akamuuliza kama akipiga dawa huwa anaziacha nyumbani. Cassian akajibu kwamba hakuna mwanamume anayebeba bomba bila amwani, na wapiga dawa wenzake waliosimama kwenye kundi wakaitikia. Akamuuliza kama huwa ananawa kila anapochomoa moja.

Cassian aliacha kutafuna.

"Mume wangu hajui ladha ya rubisi," Uwingabire alisema. "Alikula dawa, kwa mkono uliolowa akilinda kahawa yenu. Mnaomwita mlevi, leo mwiteni mbele yangu."

Nilikuwepo, na nilitamani kila kijana aliyesoma katika wilaya hizi mbili, Kyerwa na Karagwe, angekuwepo asikie jinsi ukweli unavyosemwa. Mkungu ule ulinunuliwa, na aliyeununua akamrudishia ampelekee mgonjwa.

Jioni Cassian alikwenda kwa mgonjwa kwa miguu. Hategekimana aliposikia hodi alijikunyata. Mgeni aliingia, akakaa. Akasema, "Shikamoo, mlevi wa amwani." Wote wawili walijua kwamba wao ni rika moja na shikamoo haimhusu yeyote kati yao. Hategekimana alicheka mpaka akajishika mbavu. Cassian akaomba radhi, akaanza hadithi ndefu ya ng'ombe aliyempotelea, na kabla ng'ombe hajapatikana mwenyeji wake alikuwa amelala kwenye kiti, kichwa ukutani. Uwingabire alimwashiria mgeni asinyanyuke, asije akamwamsha.

Baada ya hapo watu walikuja kumwona mchana kweupe, wakakaa, wakataniana. Alianza kula na kulala. Damu ilipopimwa tena majibu yalikuwa yameshuka, na yaliyofuata yakashuka zaidi, hadi macho yakawa meupe. Daktari Deodatha alikataa kusema ni kipi kilichoponya, kuacha sumu, muda, au utulivu, kwa kuwa katika mwili wa mtu mmoja huwezi kuvitenganisha. Mimi namheshimu kwa jibu hilo.

Siku hizi Hategekimana hapulizi, anapogoa mibuni, na mkasi wake unasifiwa kama bomba lake lilivyosifiwa. Wapiga dawa wa Kimuli wamekubaliana kuwa amwani hutafunwa nyumbani, baada ya kuoga na kubadili shati. Hakuna ofisi iliyowaagiza. Walijiamulia wenyewe.

Cassian ndiye aliyebaki akiogopa kupima. Alisogeza siku mara nyingi, hadi Hategekimana akamfuata kwake asubuhi na kumpandisha pikipiki. Kwenye benchi la hospitali mguu wa Cassian ulikuwa ukidunda sakafuni. Aliuliza, kwa sauti ya chini, watu watasema nini majibu yakiwa mabaya.

"Watasema unakunywa," Hategekimana alimjibu. "Na mimi nitakuja kwenye mnada na mkungu wangu. Sasa pumua polepole, tuliza huo mguu. Unalisumbua ini la watu."

Cassian akacheka, akapumua. Jina lake lilipoitwa waliinuka wote wawili.