Maandazi Wiki ya Pasaka Yao

Mwanangu alikuwa na miaka mitatu, yuko Morogoro kwa mama yangu, na mimi nilikuwa Toronto naogesha bibi wa watu. Nilimwacha hata kuachishwa ziwa hajazoea. Karatasi za kumleta zilikuwa zimelala ofisi ya uhamiaji bila jibu, na hasira niliyokuwa nayo ungeweza kuinjikia chungu.

Bibi mwenyewe alikuwa Myahudi mzaliwa wa Poland, amepita themanini, anaishi peke yake ghorofa ya saba, Don Mills. Kila mwaka alialikwa shuleni kuwasimulia wanafunzi habari za vita. Asubuhi moja namkausha miguu, akanisimulia na mimi.

Wajerumani waliwafungia Wayahudi wa mji wao kwenye mitaa michache, wakazungushia ukuta. Yeye alikuwa na miaka kumi na sita. Alfajiri alipenya kwenye mfereji wa maji machafu, akaenda kutafuta viazi, akarudi navyo kwenye soksi. Ukikamatwa ni risasi. Baadaye vijana kumi na mmoja, yeye akiwemo, wakapanga kutorokea msituni. Walikuwa na bastola moja, na risasi ambazo hazikuwa za bastola ile. Akataka kumbeba mdogo wake wa kike, wa miaka miwili. Wenzake wakakataa: mtoto akilia, tumekufa wote. Mama yake akamsukuma mlangoni. Akaenda.

Walikaa msituni vipupwe viwili, ndani ya shimo walilochimba wenyewe. Walitoka hai wanne. Mama yake na mtoto walipakiwa kwenye treni wiki ileile aliyoondoka. Hawakurudi.

Nikasema, taulo mkononi, "Mimi nisingemwacha."

Mdomo huo nimeurithi kwa shangazi zangu.

Bibi akauvuta mguu wake. "Wa kwako yuko wapi?"

Nikakunja taulo. Saa zangu za kazi zilipokwisha nikatoka bila kuaga, nikamlaani ndani ya basi mpaka Regent Park. Nilipofika nyumbani laana ilikuwa imeshanigeukia mimi.

Kwetu ukimkosea mtu mzima huendi mikono mitupu. Jumatatu alfajiri nikakaanga maandazi, korido nzima ikanukia iliki. Nikampelekea kwenye bakuli lenye kitambaa safi.

Akafunua. Akafunika.

"Yana hamira?"

"Yana, Bibi. Ndiyo maana yamekuwa laini hivyo."

"Wiki hii ni Pasaka yetu. Hatuli kilichoumuka. Hata kukiweka ndani ni mwiko."

Nilitamani sakafu inimeze. Kabati zake nilizisafisha kwa mikono yangu wiki iliyopita, nikatoa kila chembe ya mkate kama alivyoniagiza, na sikuuliza kwa nini.

"Mimi nilidhani ni mende," nikasema.

"Mende! Nyumbani kwangu!" Akacheka hadi akakohoa. Kisha akatulia. "Msituni, Pasaka ya kwanza, tulipata mkate wa kuiba. Mwenzetu mmoja akakataa kuula. Alikuwa amebaki mifupa. Tukamtilia mdomoni kwa nguvu, tukamwambia sheria yenyewe inataka uishi. Leo nina chakula. Naweza kukataa. Usiudhike."

"Nisamehe, Bibi. Si kwa maandazi."

"Najua si kwa maandazi." Akalisukuma bakuli pembeni. "Shuleni wananiita jasiri. Wananipigia makofi. Hakuna hata mmoja anayeniuliza habari za yule mtoto."

"Mimi sikuuliza. Nilikuhukumu."

"Basi uliza."

Nikakaa kitandani pake, jambo ambalo kazini tulikatazwa. "Alikuwa anakuitaje?"

"Alichelewa kusema. Alikuwa ananinyooshea mikono tu." Akainyoosha yake, yenye mishipa ya buluu, kunionyesha. Ikabaki hewani muda mrefu. Nikashindwa kuitazama.

Alipoishusha akasema, "Mpigie wako. Sasa hivi, hapa."

Morogoro ilikuwa jioni. Mama akamwekea mtoto simu sikioni. "Shikamoo," akasema, kwa adabu kama anaongea na mgeni.

"Marahaba, mwanangu. Ni mama."

"Mama yuko hapa," akasema. "Anapika."

Akamrudishia simu bibi yake, ndiye mama anayemjua. Nikasikia vyombo, halafu salio likaisha.

"Amesema nini?" Bibi akauliza.

"Amesema hajambo."

Alinitazama. Hakuniamini, wala hakuniuliza tena.