Aliyenisukuma Mlimani Nikamwacha

Cheka ukitaka. Wanangu walicheka, wakwe zangu nao wakacheka, mpaka siku nilipowapeleka kwenye ule mlima nikawaonyesha mahali penyewe. Mimi si mlevi, pombe sijaonja tangu nibatizwe, na wakati huo macho yangu yalikuwa mazima kuliko yako wewe unayenisoma. Haya yalinipata mimi mwenyewe, si binamu wa jirani wa mtu fulani.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilifanya kazi mjini Kisii kwenye karakana ya mbao, na nyumbani kwetu ni ng'ambo ya Mosocho, kule chini kwenye migomba. Nilikuwa na baiskeli nyeusi, zile nzito za zamani, yenye keria pana ya chuma nyuma ya kubebea gunia au mtu. Nani alikuwa na baiskeli siku hizo? Ukipita nayo sokoni wasichana waligeuka, na wewe ukajifanya hujawaona, ukagonga kengele bila sababu yoyote.

Rafiki yangu Nyakundi hakuwa nayo. Yeye alifanya kazi kwenye tanuri la mikate huko huko mjini, akipanga mikate kwenye kreti, na harufu ya mkate ilikuwa imemwingia mpaka kwenye nywele. Tulitahiriwa siku moja, mimi na yeye, na kwetu hilo si jambo dogo. Kila asubuhi tulikutana kwenye njia panda, akapanda keria yangu, tukaenda.

Sasa wewe wa siku hizi hujui utaratibu wetu, ngoja nikueleze, maana bila huo hutaelewa kitu. Njia zetu ni milima mitupu. Aliyepewa lifti, nauli yake ilikuwa kusukuma. Mlima ukianza anaruka chini, anaweka viganja viwili kwenye keria na kusukuma, na wewe juu unakanyaga. Mkifika kileleni unapunguza mwendo, yeye anakimbia hatua tatu nne na kurukia. Hugeuki nyuma, kwa sababu ukigeuka baiskeli inayumba mnaishia mtaroni. Unasikia tu keria ikilia kwach! na springi za kiti zikibonyea, hapo unajua mtu wako amekaa. Kumngoja aliyekusukuma lilikuwa jambo ambalo hata mwizi alilifanya.

Halafu mteremko. Ee bwana, mteremko! Upepo unajaa shatini, machozi yanatoka yenyewe, na Nyakundi nyuma anaimba nyimbo za kanisani kwao kwa sauti ya kuharibu kila wimbo. Jioni alinibebea kipande cha mkate kilichoungua, tukakila njiani kikiwa bado na joto. Vituko navyo havikukosekana. Kuna siku suruali yangu ya pekee iliingia kwenye cheni ikachanika mpaka gotini, nikafika kazini nimejifunga gunia. Kuna siku tulipata pancha kwenye mvua, solushani ikakataa kushika, na Nyakundi akacheka mpaka akakaa kwenye matope. Alikuwa mtu wa kucheka ovyo, yule. Nilimpenda sana.

Basi. Asubuhi moja ukungu ulishuka mzito, ule ambao huoni gurudumu lako la mbele. Alinisukuma mlima mzima, namsikia anavyohema. Tulipofika juu, pale barabara inapopinda karibu na nyumba ya bibi mmoja mjane aliyeitwa Kerubo, sijui shetani gani aliniingia. Nikataka kumtania. Badala ya kupunguza mwendo nikakanyaga kwa nguvu, nikagonga kengele kring kring, nikateremka peke yangu.

"Ngoja, wewe!" akapiga kelele. "Ngoja, bwana!" Na huku anacheka. Nikasikia viatu vyake vya akala, vile vya kukatwa kwenye matairi, vikinifuata, pata pata pata, katikati ya barabara. Halafu nikasikia lori nyuma kule juu, na breki, na mtu akilia mara moja.

Niliambia moyo wangu kwamba naye ananitania. Ndivyo nilivyouambia. Sikusimama mpaka mjini.

Saa sita ndipo habari ilipofika karakana. Na walipokuja watu wa kwao kuniuliza, mdomo wangu ulisema wenyewe: "Nilimngoja njia panda, hakuja. Asubuhi hiyo sikumwona." Nilijua wangeniua. Lakini zaidi ya hapo, nisikudanganye, niliona aibu. Ni nani humwacha aliyemsukuma?

Tukamzika. Mama yake, Mama Nyakundi, mwanamke wa Sabato asiyepaza sauti, hakulia kama wengine. Aliuliza swali moja tu, leo, kesho, na kwa kila aliyekuja. Dereva wa lori alikuwa amesema kijana alitokea kwenye ukungu akikimbia katikati ya barabara. Basi mama akawa anauliza, "Mwanangu alikuwa anakimbia nini?"

Na swali kama hilo, likikosa jibu, watu hulitafutia. Bibi Kerubo, maskini, alikuwa amewaambia ukweli. Alisema asubuhi hiyo alikuwa kitandani, akasikia mtu akicheka nje kwenye ukungu. Wewe! Kumbe amejifunga kamba mwenyewe. Nani hucheka barabarani alfajiri kama si mchawi? Anaishi peke yake kwa nini? Wiki ya tatu ilipofika, hakuna aliyemwuzia chumvi.

Mimi nilijua ni nani aliyecheka. Nikanyamaza.

Nilirudi kazini baada ya matanga. Siku ya kwanza, kwenye ule mlima, ukungu kama kawaida, nikakanyaga nikiwa peke yangu. Katikati ya mlima baiskeli ikawa nyepesi. Msomaji, kama hujawahi kusukumwa hutajua, lakini aliyewahi hawezi kukosea: ni viganja viwili, cha kulia kina nguvu kuliko cha kushoto. Nikadhani ni msamaria mwema. "Asante, ndugu!" nikasema. Halafu ikanijia harufu ya mkate wa moto, mlimani, mahali ambapo hakuna tanuri wala jiko.

Nilipofika juu nilikanyaga kama mwendawazimu, na nyuma yangu, pata pata pata, viatu vya akala. Havikunikaribia na havikuachwa. Vilinifuata mpaka kwenye daraja la chini, vikakoma.

Ilikuwa hivyo kila asubuhi. Nilijaribu kushuka na kukokota baiskeli, ikasukumwa hivyo hivyo, inanitangulia, mimi naivuta nyuma. Nilifunga rozari kwenye usukani. Nilikwenda kwa padri, mimi ni Mkatoliki, nikaungama yote, akaniondolea dhambi, akaniambia niende kwa mama wa marehemu. Nikaenda? Thubutu! Nilichukua ondoleo nikaacha lile jingine. Kesho yake mlimani viganja vilinisukuma kwa nguvu zaidi.

Nikawa siwezi kula mkate. Nikakonda. Watu wakasema nimeingiliwa na ebirecha, yaani mizimu ya waliokufa, na hapo hawakukosea.

Jioni moja baba mdogo wa Nyakundi alinikuta njiani. "Kesho kukipambazuka tunakwenda kwa yule mzee wa kike pale juu," akaniambia. "Tukitoka hapo, hiyo nyumba itakuwa majivu. Wewe ulikuwa rafiki yake, uje."

"Nina kazi," nikamjibu.

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Wanataka kumchoma bibi kwa ajili ya kicheko cha rafiki yangu, na mimi nina kazi! Usiku kucha nilijigeuzageuza kitandani. Kulipoanza kupambazuka nikatoa baiskeli, nia yangu nipite mlimani kabla hawajafika, nisione.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mifereji. Nilipoanza kupanda, viganja vikaja. Lakini siku hiyo nilisikia na pumzi, mtu anahema, amechoka, kama alivyohema asubuhi ile. Nikaanza kulia. Tulipofika kwenye kona, karibu na ua wa Bibi Kerubo, moshi wake wa uji ulikuwa unatoka taratibu kwenye nyasi za paa. Alikuwa anajipikia uji, hajui lolote.

Miguu yangu ikakataa. Nikasimama. Nikaweka miguu yote miwili chini, nikashika breki, na bila kugeuka nikasema, "Nyakundi. Panda."

Akala zikapiga hatua tatu nne. Keria ikalia kwach! Springi zikabonyea.

Niamini au usiniamini, nilisikia uzito wake. Nilisikia gurudumu la nyuma likikaa kwenye changarawe. Baridi ilinipanda mgongoni mpaka kwenye meno, na harufu ya mkate ilikuwa shingoni mwangu. Nikajaribu kuelekea mjini. Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote, cheni ikakaza, baiskeli haikusogea hata kidole. Nikageuza usukani kuelekea nyumbani. Ikaanza kwenda yenyewe.

Basi nikampeleka kwao. Sikugeuka nyuma hata mara moja. Hakuimba.

Kwa Mama Nyakundi nilikuta wanaume kama kumi uani, wana mapanga na chupa ya mafuta ya taa. Mama alikuwa ameketi mlangoni na shuka mabegani. Nikaingia nikiwa juu ya baiskeli, jambo la utovu wa adabu, wote wakanitazama.

"Mama," nikasema, "alikuwa ananikimbilia mimi."

Nikaendelea. "Alinisukuma mlima. Nikamwacha pale juu. Nilikuwa namtania. Alikuwa ananifuata ili apande. Bibi Kerubo hana kosa, alichosikia ni Nyakundi. Nilidanganya kwa sababu ya woga na aibu. Ni mimi, mama."

Hapo hapo keria ikaruka juu, kwach, kama inavyofanya mtu akishuka. Wote waliisikia. Baba mdogo wake alirudi nyuma hatua mbili, panga likamwanguka.

Mama Nyakundi aliinuka, akaja polepole, akanipita mimi, akaweka kiganja chake kwenye kile chuma cha keria. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi kali. Hata hivyo akakiacha kiganja hapo muda mrefu, kama mtu anayeota moto. Halafu akaniuliza, taratibu kabisa, "Alikuwa anacheka?"

"Ndiyo, mama. Alikuwa anacheka."

Ndipo akaketi chini kwenye vumbi, kando ya gurudumu, akalia kwa mara ya kwanza tangu mwanawe afe.

Fimbo ya baba mdogo ilinipata begani, nami sikuikinga. Bega hilo hujua mvua kabla ya mawingu mpaka leo. Wangeniongeza nyingine, lakini mama alisema "Basi", na wakarudi nyuma. Mafuta ya taa yakarudishwa dukani. Bibi Kerubo aliishi miaka mingi baadaye, akafa kwa uzee wake, kitandani kwake, na mimi nilikuwa mmoja wa waliochimba kaburi.

Mama hakunisemesha karibu mwaka mzima. Halafu asubuhi moja nikamkuta amesimama njia panda, pale pale, na kikapu cha ndizi za kupeleka mjini. Hakunisalimia. Alipanda keria, akaketi upande. Mlima ulipoanza, nikamwambia, "Kaa tu, mama, mimi nitakokota." Akashuka. Mwanamke mzima wa umri ule akaweka viganja vyake kwenye keria akanisukuma, na cha kulia kilikuwa na nguvu kuliko cha kushoto. Nilipanda nikitokwa na machozi mpaka juu.

Pale juu nilisimama. Miguu yote miwili chini. Nikangoja. Akafika, akahema kidogo, akarekebisha kitambaa chake cha kichwa bila haraka yoyote.

"Sasa twende," akasema.

Nimezeeka, magoti yamekwisha, baiskeli ile imetundikwa ukutani na cheni yake ni kutu tupu. Mkate wa moto bado siuli, wanangu wanajua, huniletea wa jana. Nawe unayekwenda mbio zako huko, hata kama ni kwa gari zuri, fikiri ni nani aliyekusukuma ulipokuwa unapanda. Kama umemwacha, usingoje ukungu. Rudi leo. Ukichelewa atakufuata, na hatachoka, nakuambia mimi niliyesikia viatu vyake.

Asubuhi za ukungu hutoka nje nikasimama karibu na ukuta ule. Kuna siku harufu huja. Siogopi tena. Naweka mkono kwenye keria, namwambia, "Panda, bwana, nakungoja," na nasikiliza kama atacheka.