Aliyeonja Kwanza Mangweni

Mume wangu, Simeon Dena, hakuwa mlevi. Naanza na hilo kwa sababu tangu tulipomzika, mwaka 1986, nimesikia bombani, sokoni Kilifi, na hata katika mkutano wa akina mama wa kanisa: kwamba alikwenda chuo kikuu kusomea shahada ya pili, akarudi akafia kwenye tembo. Katika maneno hayo kweli ni moja tu, kwamba tembo lilikuwepo. Mengine nayaeleza mara hii moja.

Simeon alizaliwa Dabaso, mtoto wa kwanza wa mkulima wa korosho. Alifundisha somo la biashara katika shule ya sekondari miaka tisa, ndipo akapata nafasi Nairobi ya shahada ya uzamili. Wenzake waliandika juu ya viwanda na mabenki. Yeye alitaka kuandika namna biashara ndogo inavyoweza kupanga kukua. Msimamizi wake akamwambia atafute biashara iliyodumu miaka kumi bila mkopo wowote, aishi nayo, aiandikie mpango. Dabaso ilikuwapo moja tu ya namna hiyo, nayo ilikuwa mangwe ya Mama Kahonzi, kibanda cha kuuzia tembo la mnazi.

Baba yangu alikuwa katekista. Nilimwambia Simeon kwamba mke wa mwalimu hawezi kutajwa pamoja na mangwe.

"Hannah," akasema, "ningekaa duka la dawa, ungesema naumwa?"

Siku ya kwanza alipoketi na daftari lake, wanywaji walimcheka.

"Huyu ni wa kodi au wa kanisa?"

"Wa kanisa hawezi kuwa. Wa kanisa hunywa amejificha."

Mama Kahonzi aliwanyamazisha. Alikuwa mjane, leseni yake imetundikwa ukutani, na alikuwa na desturi ambayo hakuiacha hata siku moja. Kabla ya kumpa mgeni, alichota tembo kwa kata, akanywa yeye kwanza mbele ya macho ya mgeni, ndipo akamjazia. Mgeni akaona kwamba hapewi sumu. Alifanya hivyo kwa kila mgeni.

Simeon alikunywa kata moja kila siku ya utafiti, kwa maana asiyekunywa haambiwi kitu pale. Nilimnusa kila jioni. Ilikuwa moja.

Wakati huo mahoteli yalikuwa yakijengwa Watamu, na wajenzi walikuwa wengi, wenye kiu. Mpango wa Simeon ulikuwa mwepesi: tembo lijazwe katika madumu alfajiri, yafungwe, yapelekwe kwa baiskeli mpaka kwenye majengo. Waendeshaji wawili waliwekwa, Fondo, mdogo wake Simeon, aliyekuwa hana kazi, na Masha wa jirani. Nilikuwapo siku alipomsomea Mama Kahonzi mpango huo.

"Na kuonja?" akauliza.

"Kuonja hakupandi baiskeli, mama. Watakuamini kwa jina lako."

"Jina halina mdomo wa kunywea, mwanangu."

Simeon alicheka, akayaandika maneno hayo daftarini. Miezi saba biashara ilikua kama alivyoandika. Msimamizi wake alimwandikia barua ya sifa. Ninayo.

Ijumaa moja ya mwezi wa Machi wajenzi watatu waliugua, wakitapika. Simeon aliamini ni maharagwe ya jikoni kwao. Jumamosi asubuhi wenzao walifika mangweni na dumu lililobaki nusu, wakalitua miguuni pa Mama Kahonzi.

"Onja! Si ulikuwa ukionja?"

"Au siku hizi unaonja kwa karatasi?"

Mama Kahonzi alinyoosha mkono kuchukua kata. Simeon alimtangulia.

"Mpango ni wangu, mama. Nitaonja mimi."

Akanywa. Mmoja akapiga kelele, "Hiyo ya mgeni! Mwenye mali anywe tatu!" Akanywa tatu. Watu walitawanyika, wengine wakimpa mkono. Alirudi nyumbani kwa miguu yake, akala, akaandika mpaka adhuhuri.

Jumapili, saa nne, tulikuwa kanisani tumesimama kuimba. Alikishika kitabu cha nyimbo karibu na uso, akakisogeza mbali, akakirudisha.

"Hannah, mbona wamefunga madirisha?"

Madirisha yote yalikuwa wazi. Nilimshika mkono nikamtoa nje. Alijikwaa kwenye benchi, akapepesuka, akamkanyaga mtu. Hicho ndicho mlichokiona. Mliona mtu anayepepesuka kanisani asubuhi, na mkajua mnakotaka kulipeleka neno hilo. Mimi nilikuwa nimemshika mtu aliyepofuka.

Alikufa Jumatatu alasiri hospitalini. Wajenzi wawili walikuwa wamekwisha kufa. Daktari aliniambia kwamba tembo lile lilikuwa limezidishwa maji njiani, kisha likatiwa ukali kwa spiriti ya kung'arishia samani. Simeon alimsikia. Alikuwa akijua dumu lile lilipita mikononi mwa nani. Daktari alipotoka, akaniomba jambo moja juu ya mtu huyo. Nikakubali.

Polisi waliwahoji Fondo na Masha, wakawaachia wote wawili. Mama Kahonzi aling'oa leseni ukutani na hakuuza tena. Chuo kilinirudishia kazi ya Simeon kwa posta, kurasa mia na kumi na mbili, sura ya mwisho haipo. Iko sandukuni mwangu, na anayetaka kujua mume wangu alikuwa akifanya nini mangweni aje aisome nikiwa nimeketi hapo hapo.

Ni nani aliyetia spiriti katika dumu lile? Najua. Mmeniuliza matangani, mmeniuliza barabarani, na yupo aliyemtuma mtoto wangu aniulize. Sisemi. Msije tena.