Chungu Kilichojazwa Mpunga

Juzi, kwenye ofisi ya kodi hapa Kyela, mama mfinyanzi kutoka Matema alifika dirishani, bila kuitwa na mtu, kueleza mapato yake.

"Stakabadhi ziko wapi, mama?" karani akamuuliza.

"Sina, mwanangu. Kwetu mnunuzi anajaza chungu mpunga. Mpunga unabaki kwangu, chungu anaondoka nacho."

"Bila karatasi siwezi kuandika. Kwangu mimi, hujauza kitu."

Mama akaitazama mikono yake. Udongo ulikuwa bado kwenye kucha.

"Sasa wajukuu wangu wamekula nini?"

Karani akamwita aliyefuata. Mama akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga," akatoka taratibu.

Foleni ikasogea. Tulibaki sisi wenye karatasi, na wengi tulikuwa tumekuja kuomba tupunguziwe kodi.