Gesi ya Mzungu, Moto wa Jirani

Mimi hasira zangu ziko karibu, na sijawahi kulificha hilo. Hata siku mke wangu alipovuka mpaka kwenda Uvira na watoto kukimbia vita, maneno yetu ya mwisho yalikuwa ya kugombania sufuria. Alichukua zote nzuri. Mimi nikabaki mtaani kwetu Bwiza na moja iliyovunjika mkono, nilinde nyumba, maana nyumba ikiachwa tupu miaka ile, wiki haipiti imeshapata mwenyewe mwingine.

Uani kwetu ilibaki milango miwili tu yenye watu. Wa pili ulikuwa wa mama mmoja mjane, mkubwa kwangu sana, anayeumwa magoti na anayependa kucheka. Yeye na mimi hatukuwa wa upande mmoja, na siku zile kila mtu mjini alijua mwenzake ni wa upande gani bila kuuliza. Majirani walikuwa wakihama mmoja mmoja kwenda kukaa na watu wao. Mkwe wake alikuja mara mbili kumchukua ampeleke kaskazini mwa mji, na mara zote mbili mama alimrudisha mikono mitupu. "Nihame niende wapi?" aliniambia. "Hapa niko na we." Basi, maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yananipa usingizi. Akiondoka yeye, nitabaki kuongea na kuta.

Kilichotuweka pamoja ni moto. Mkaa ulitoka milimani, na milimani ndiko zilikokuwa bunduki, kwa hiyo gunia la mkaa likawa kitu cha kuotwa. Hatukuwasha kila mmoja jiko lake. Yeye aliwasha mbabula yake, jiko la mkaa, jioni, nami nilikwenda na kipande cha bati kuomba makaa mawili matatu yanayowaka, nianzishie langu. Na kwetu huendi kuchukua moto ukaondoka kama mwizi. Unakaa kidogo. Anakuuliza umeshindaje, unamwambia, analalamikia magoti, unalalamikia bei ya mchele. Hiyo ndiyo ilikuwa robo saa yangu ya kusema na mtu, kwa sababu mchana kutwa nilikuwa Kiriri, mtaa wa juu mlimani, nikilinda nyumba ya mzungu ambayo haina mtu.

Mzungu huyo nilikuwa dereva wake. Alipoondoka kwa haraka aliniachia jiko dogo la gesi, lile la kupikia safarini, na makopo yake sita. Alinifundisha mara tatu kama mtoto wa shule. Kopo likishatobolewa na jiko, usilitoe mpaka liishe kabisa. Litikise kwanza usikie. Ukibadilisha, badilisha nje penye hewa. Pakaza povu la sabuni kwenye maungio, ukiona mapovu yanavimba, gesi inavuja. Usipikie chumbani umefunga madirisha. Na zaidi ya yote, wakati wa kubadilisha, moto usikaribie, hata sigara. Alilirudia hilo la mwisho akinishika bega.

Niliyashika kama katekisimu. Na nilivyojiona! Wali unaiva, hakuna moshi, hakuna kupepea mpaka mkono ufe. Nilipika karibu na dirisha lililo wazi, nikala peke yangu nikiangalia ule moto wa bluu, na sauti yake ndiyo iliyokuwa ikinisemesha. Ilipita wiki nzima sijaenda kuomba moto. Kuna jioni nilimsikia mama akikohoa uani, nikasema nitamsalimia nikimaliza kula. Nilipomaliza kula nililala. Uvivu tu, wala si kingine.

Jumamosi moja, jua likiwa bado juu ya paa, jiko lilizimika. Nikasema kopo limeisha. Sikulitikisa. Mwanafunzi hodari! Nililipeleka nje mbele ya mlango wangu, nikaanza kulifungua, na gesi iliyobaki ikatoka kwa nguvu, shiiii, harufu ikajaa pua. Nikainua kichwa, nikamwona mama anavuka ua. Mkononi ana bati, na juu ya bati makaa yanawaka mekundu.

"Baba, nimekuletea moto," alisema. "Nimeona hukuji, nikasema labda unaumwa."

Mungu wangu. Nilipiga ukelele. "Apana! Apana! Rudi nyuma! Usinikaribie!" Alishtuka akasimama, kisha, kwa kuwa hakuelewa, akapiga hatua nyingine. Ndoo ya maji ilikuwa mlangoni. Niliinyanyua nikamwaga yote juu ya bati lake. Makaa yakalia, majivu yakamrukia kwenye kitenge, bati likaanguka. Juu ya ukuta niliona vichwa viwili vya majirani wa nyuma vikichungulia.

Mama aliniangalia. Aliinama taratibu kwa yale magoti yake, akaokota bati, akarudi kwake akafunga mlango.

Nilipaswa kwenda hapo hapo. Najua! Lakini kopo lilikuwa bado linalia, nikaliacha nje mpaka likanyamaza. Halafu aibu ikanishika, na kwangu aibu huja ikiwa imevaa hasira: kwa nini na yeye hakusimama nilipomwambia? Nikasema nitamweleza kesho. Zilikuwa hatua kumi na mbili za ua, nikaziahirisha.

Kesho yake nilitoka alfajiri kwenda Kiriri. Milio ya bunduki ikaanza juu ya mlima, barabara ya kushuka ikafungwa, nikakwama katika ile nyumba tupu siku mbili. Nilitembea vyumbani nikijifunza kwa sauti jinsi ya kumwambia. Mama, ile ni gesi. Mama, ungeungua. Mama, nisamehe.

Niliposhuka nilikuta kufuli kwenye mlango wake. Nilikwenda kwa mzee wa duka la kona, Mwislamu wa miaka mingi pale mtaani, ambaye hakuwa wa upande wetu wala wa wengine. Aliniambia mkwe amekuja mara ya tatu, na safari hii mama hakubisha.

"Alisema kitu juu yangu?"

Mzee alipanga sabuni zake kwanza. "Alisema maneno mawili tu. 'Hata yeye.'"

Nikaanza kumweleza, haraka haraka, habari ya kopo, ya gesi, ya makaa, jinsi sote wawili tungelipuka. Machozi yalinitoka mbele ya wateja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono.

"Mi nakuamini, baba," alisema. "Lakini moto wenye ulimwagia maji haikukuwa yangu."