Kengele ya Frigo ya Chanjo

Kazini kwetu kuna desturi inayoniudhi. Kila fundi mpya akiingia tunakaa wote mezani, na kila mmoja anajieleza: ametoka wapi, anapenda kufanya nini akiwa hana kazi, na mwaka huu anataka kujifunza nini. Kazi yetu ni kuandika programu zinazokaa ndani ya vifaa, kama mita za maji, chaja za sola na mashine za kupimia damu. Programu ambazo mtumiaji hazioni wala hajui kwamba zipo. Wenzangu hujieleza kwa raha. Mmoja alianza na vigari vya kuchezea, mwingine hupanda milima, mwingine anataka kumaliza somo fulani kabla ya Krismasi. Zamu yangu ikifika nasema natoka Kalemie, napenda kutengeneza redio za zamani, na nitajifunza chochote kitakachohitajika. Kisha nampisha anayefuata. Wananiona mwenye kiburi, na sijawahi kujisumbua kuwasahihisha.

Yale nisiyoyasema ndiyo haya.

Baba alikuwa fundi wa simu wa reli. Vita vilipoingia Kalemie treni zilisimama, lakini yeye aliendelea kwenda stesheni kila asubuhi, shati limepigwa pasi, akafute vumbi kwenye simu ambazo upande wa pili hazikuwa na mtu wa kuzipokea. Ni yeye aliyenifundisha kulehemu. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo chuma cha kulehemia tulikipasha kwenye makaa ya mbabula, jiko la mama, na ilibidi uwe na mkono mwepesi, maana kilipoa kabla hujafika kiungo cha pili. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Shule yetu ilifungwa leo, ikafunguliwa kesho, ikajaa wakimbizi keshokutwa. Sikuwa na la kufanya isipokuwa kufungua kila redio iliyokufa mtaani.

Jirani yetu, mama mmoja aliyeuza ndakala, dagaa wakavu wa ziwani, alinitania kila alipopita. Alisema mimi nitaolewa na redio, na mahari yangu yatakuwa katoni ya betri. Nilimpenda kwa hilo, maana miaka ile watu walikuwa wameacha kutaniana. Alikuwa amezaa wavulana wanne mfululizo, kisha vita vikiwa vimepamba moto akapata binti. Hakupita mlangoni kwetu bila kugeuka ili tumwone mtoto mgongoni.

Mjomba wangu, aliyekuwa akivuka ziwa kwenda Kigoma kuleta chumvi na sabuni, aliniletea siku moja kitabu cha Kiingereza kilichochanika jalada, na chipu tatu alizozifunga kwenye karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Hakujua ni za nini. Aliyempa alimwambia ni akili za mashine. Kitabu kilieleza kwamba chipu ile ukiiandikia maagizo itayafuata mpaka ife. Kilieleza pia kwamba unaiandikia mara moja tu. Ukikosea, umeipoteza. Kiingereza changu kilikuwa cha kupapasa gizani, lakini nilikisoma kitabu kile mpaka kurasa zikaanza kuachana. Sura za mwisho sikuzifikia vizuri. Niliona zinahusu mambo ya ziada.

Mama alikuwa muuguzi katika kituo cha afya karibu na ziwa, na usingizi wake wote uliishia kwenye frigo ya chanjo. Ilikuwa ya kutumia petroli, yaani mafuta ya taa, na kimoto kidogo cha buluu chini yake. Utambi ukishika masizi moto unafifia, na frigo inapata joto kimyakimya. Kwa hiyo kila asubuhi na kila alasiri, hata Jumapili, mama alikwenda kusoma kipimajoto na kuandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa frigo. Wauguzi wa chanjo wote wanafanya hivyo. Ni kazi ya kuchosha, na haina sifa.

Mwaka ule chanjo ya surua ilikuwa haijafika kwa miezi mingi. Mashua zilizuiwa, ndege zilikuja zilipotaka. Hatimaye lilishuka sanduku moja, na mama akalipokea kama mtu aliyekabidhiwa yai. Siku ya kuchanja ilipangwa, Jumanne ya wiki ya tatu, ili akina mama wa mbali wapate habari, hata wale wa kuja kwa mtumbwi kutoka Zongwe. Bila chanjo ile watoto hawakuwa na kinga nyingine, na surua ilikuwa imeshaanza huko ndani, mbali na ziwa, walikotoka wakimbizi. Binti wa jirani alikuwa anatimiza miezi tisa wiki ileile. Mama alikuwa amemwandika wa kwanza.

Nikajitia kiherehere. Nilimwambia mama kwamba naweza kuiwekea frigo kengele. Sitadanganya: nusu ya moyo wangu ilimhurumia, nusu ilitaka kuona chipu ikifanya kazi na watu wakiniita fundi.

Kifaa chenyewe kilikuwa rahisi. Kipande kidogo cha kuhisi joto kilikaa ndani ya frigo. Joto likizidi, taa nyekundu inawaka. Likiendelea kuzidi kwa dakika kumi, kengele inalia na haiachi mpaka mtu aje. Dakika kumi hizo ziliwekwa kwa sababu mama akifungua mlango kutoa chupa joto hupanda kidogo, na hakutaka kushtuliwa bure. Kengele baba aliing'oa kwenye simu ya stesheni. Betri ilikuwa ya pikipiki. Mlinzi wa kituo, aliyekaa uani palepale, akisikia tu angekuja mbio kumwita mama.

Programu niliiandika kwenye daftari la hesabu, mstari kwa mstari, kwa penseli. Kompyuta ilikuwa moja niliyoweza kuifikia, katika biro, yaani ofisi, ya shirika lililogawa mahema, na karani wa hapo, aliyewahi kufundishwa na baba, aliniachia wakati wa mapumziko ya mchana, jenereta likiwa linaunguruma. Chipu ya kwanza niliitumia kujaribia. Sikutaka kukaa dakika kumi kila jaribio, basi nikaandika sekunde moja badala ya dakika kumi. Nikashika kipande cha joto kiganjani, taa ikawaka, kengele ikalia mpaka karani akaziba masikio. Chipu ya pili nilikuwa naiandikia dakika kumi zenyewe, jenereta likazimika katikati. Ikafa. Ya tatu ikaandikika salama.

Siku ya kuifunga pale kituoni walikuwapo mama, mlinzi, na jirani yetu na mtoto wake mgongoni, amekuja kuona mume wangu wa nyaya, kama alivyosema. Nilishika kipande cha joto. Taa nyekundu ikawaka. Niliona inafifia kidogo na kurudi, inafifia na kurudi, nikadhani ni mkono wangu unaotetemeka. Nilitakiwa kuendelea kukishika dakika kumi, mpaka kengele ilie. Dakika kumi ni nyingi sana watu wakiwa wamesimama wanakutazama. Jirani alikuwa ameshaanza kupiga vigelegele. Nilikiachia, nikasema iko tayari.

Mama alipumua. Namwona mpaka leo alivyoshusha mabega. Wiki mbili aliendelea kwenda asubuhi na alasiri kwa mazoea, lakini moyo wake ulikuwa umetua. Aliacha kushtuka usingizini.

Jumamosi kabla ya ile Jumanne risasi zilianza upande wa bandari. Tulilala chini ya vitanda mchana kutwa. Mlinzi, tulikuja kujua baadaye, alichukua wake zake wawili na watoto akapanda nao mlimani. Jumapili bado zilisikika. Zamani mama angetoka hivyohivyo. Aliwahi kutoka wakati mabaya zaidi yakitokea, na baba akimshika kitenge. Safari hii alisimama mlangoni, akasikiliza, akasema kama kungekuwa na shida mlinzi angekuja. Akarudi ndani.

Jumatatu asubuhi alikwenda. Utambi ulikuwa umezimika zamani, chombo cha mafuta kikavu. Ndani ya frigo mlikuwa na joto kama kabati la nguo. Taa nyekundu ilikuwa inakonyeza, alisema, lakini kengele ilikuwa kimya. Chupa za siku hizi zina alama inayobadilika rangi zikipata joto. Zile za surua tulizokuwa nazo hazikuwa nayo, na mama hakuwa mtu wa kuwachoma watoto maji ya bure akawadanganya mama zao. Alizitupa zote. Jumanne alisimama mlangoni mwa kituo na kuwarudisha akina mama mmoja mmoja, na waliotoka Zongwe walikuwa wamepiga kasia tangu juzi yake.

Nyumbani alitueleza alivyoelewa yeye. Kengele ililia siku mbili, jengo likiwa tupu, mpaka ikachoka. Yeye alikuwa chini ya kitanda anaogopa. Alisema hivyo bila kulia, akiosha mikono kwenye karai, na aliendelea kuiosha muda mrefu.

Baba alitoka akaenda kituoni, akarudi na kifaa changu na betri yake kwenye mfuko. Akachukua kipimo chake cha umeme cha reli, akagusisha ncha mbili kwenye betri. Nilikuwa nimesimama kando yake, nikaona sindano inapanda mpaka mwisho. Kengele ya simu inakula umeme. Ikilia siku mbili hata betri ya lori haibakizi kitu. Mimi nilijua hilo, na yeye ndiye aliyenifundisha.

Akaniambia polepole, mama asisikie, “Hii batri haikutumika.”

Tulikipasha moto kile kipande cha joto kwa kikombe cha maji ya chai, tukakaa. Taa ikawaka, ikafifia, ikawaka, kila baada ya sekunde mbili hivi. Tulikaa dakika kumi, tukakaa ishirini, kengele haikulia. Usiku wa siku ile sikulala, na asubuhi nikafungua zile sura za mwisho za kitabu. Chipu ile ina saa ya ulinzi ndani yake. Kila baada ya sekunde mbili na kidogo inaiamsha upya na kuirudisha mwanzo wa programu, isipokuwa programu yenyewe itoe ishara kwamba ingali hai, au uizime saa hiyo siku ya kuandika. Mimi sikuizima. Katika jaribio la sekunde moja kengele ililia kabla saa haijafika. Katika dakika kumi, chipu yangu ilihesabu mpaka mbili ikasahau, ikahesabu mpaka mbili ikasahau, siku mbili nzima, huku chanjo ikiharibika pembeni yake. Ningeshika kile kipande dakika kumi tu mbele ya watu wale, ningejua.

Nilimweleza baba. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema mama ana uchungu wa kutosha, tusubiri. Nikakubali haraka mno. Nilikuwa naogopa, na kila siku iliyopita ilifanya maneno kuwa mazito zaidi, mpaka yakawa hayanyanyuki.

Surua ilifika na watu waliotoka barabara ya Nyunzu na kulala madarasani. Sanduku jingine la chanjo halikuja mpaka mvua zikaisha. Mama alishinda kituoni akigawa maji ya chumvi na sukari na matone ya macho, hakuwa na zaidi. Wapo waliopona. Binti wa jirani alishikwa homa siku ya soko, vipele vikatoka, kifua kikambana, na Ijumaa alikufa mikononi mwa mama yangu.

Matanga yalikuwa pale nyumbani kwao, mikeka imetandikwa mpaka kwenye vichanja vya ndakala. Siku ya tatu mama aliinuka mbele ya wanawake wote, akapiga magoti mbele ya jirani yetu. Alisema chanjo ya mtoto ilikuwapo. Alisema kengele ililia siku zile za risasi, akalitaja kosa lake kwa sauti: “Miye njo sikukuwako. Niliogopa masasi, nikabakia mu nyumba.” Baba alikuwa miongoni mwa wanaume upande wa pili, na nilimwona anautazama mkeka. Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua. Hakikutoka kitu.

Mama aliishi miaka kumi na minne baada ya hapo. Hakukosa tena kusoma kipimajoto hata siku moja, risasi zirindime, zisirindime, na alikufa akiamini alivyoamini. Baba alitangulia kabla yake, na yale tuliyoyajua akaniachia peke yangu.

Lakini siku ile ya matanga jirani alimshika mama mabega, akamwinua, akamkalisha kando yake, wakalia pamoja. Kisha akanitafuta kwa macho mpaka akaniona, nimekaa nyuma karibu na mlango, akaniita nisogee. Nikasogea. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

“Mwanangu, weye usilie hivyo,” alisema. “Weye ulifanya kazi yako. Kengele yako ililia, njo sisi watu hatukukuwako kwa kuisikia.”

Nikaitika, “Ndiyo, Mama.”